Giaboksi ya mkono imechoka: nifungue mwenyewe nyumbani, nifunge used au nimpe fundi?

Kamba_ya_Klachi
Wakuu naomba mnisaidie kulinganisha kabla sijapandisha gari kwenye stendi. Gari ni ya zamani, inavuta nyuma, gia tano za mkono. Namba mbili inasaga nikiingiza haraka, namba tatu imeanza kuruka yenyewe nikiachia mafuta kwenye mteremko, alafu kuna mvumo nikiwa fri (bila gia) ila nikikanyaga klachi unapotea. Bodi na injini viko poa na gari hii siiuzi. Naona njia tatu: nifungue mwenyewe nibadilishe beringi, sinkronaiza (ringi zinazosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia) na sili, au nitafute giaboksi used (iliyotumika) nifunge, au nimpe fundi wa giaboksi kazi yote. Spana, soketi, jeki na stendi ninazo, presi (mashine ya kusukumia beringi) sina. Mngeenda na ipi?

MzeeWaBeringi
Kabla ya kuchagua, jua kwanza kinachoumwa. Ukikanyaga klachi shafti ya mbele inasimama na shafti ya chini inasimama nayo, kwahiyo mvumo unaopotea hapo ni beringi za shafti hizo mbili. Ingekuwa kinyume, kelele inaanza ukikanyaga, hiyo ni rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) na giaboksi haina kosa. Tembea nayo namba nne, kwenye giaboksi nyingi za gari za kuvuta nyuma namba nne inapita moja kwa moja, mzigo haupiti shafti ya chini, kelele ikipungua sana hapo basi beringi za chini ndo zimekwisha.

Kusaga namba mbili ni kawaida ya sinkronaiza kuisha, ila hakikisha klachi inaachia. Gari isilensi (injini imewaka bila kukanyaga mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde chache ndo uingize rivasi. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri na utafungua giaboksi bure. Hiyo namba tatu kuruka ndo inanipa wasiwasi kuliko vyote, inaweza kuwa maunti (raba zinazoshikilia injini na giaboksi) zimelegea au springi ya kushikilia gia imechoka, na hizo ni ndogo, lakini ikiwa meno madogo ya pembeni ya gia yameviringika hapo unabadilisha gia yenyewe pamoja na slivu yake (ringi inayoteleza kuishika gia).

Jioni_Spana
Mimi kura yangu used. Unatoa, unafunga, gari inatembea, hakuna kuhangaika na presi wala shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi). Ila usinunue kwa macho. Mwaga oili yake uiangalie, unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma hapana, na ukiona vumbi la dhahabu linameta kwenye oili hiyo ni shaba ya sinkronaiza. Shika shafti ya mbele uitikise, zungusha kwa mkono ukiingiza gia zote moja moja. Hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi plate, linganisha na yako, angalia na sehemu ya waya wa spidi. Alafu badilisha sili zote ikiwa bado iko chini, usisubiri ianze kuvuja juu ya klachi mpya.

DadaGereji
Jioni umesema vizuri ila used ya gari ya umri huo nayo ina umri huohuo, unabadilishana uchakavu unaoujua na usioujua. Mimi naona kuna njia ya nne ambayo Kamba hujaitaja: kuishusha na kuifungua ufanye mwenyewe, shafti ndo umpelekee mtu mwenye presi. Kazi kubwa ya saa ni kutoa propela shafti, kushusha, kufungua na kusafisha, na hiyo haihitaji mtaalamu, inahitaji uvumilivu na manuali ya gari lako. Beringi ndo zinataka presi, na msukumo uwekwe kwenye ringi ile inayobana, ukisukuma kupitia gololi beringi mpya inakufa hapohapo.

Ukifungua piga picha kila hatua, panga vitu kwenye meza kwa mpangilio ulivyovitoa, shimu weka kwenye mifuko uandike zilikotoka. Habu (kitovu ambacho slivu inateleza juu yake) na slivu weka alama kabla ya kutenganisha maana zina upande. Funika kwa kitambaa unapotoa foku (uma zinazosukuma slivu), kuna springi na gololi ndogo zinaruka. Sinkronaiza usiihukumu kwa kuitazama, ikandamize kwenye koni ya gia uingize fila (bamba nyembamba la kupimia pengo) katikati, pengo likiwa chini ya kikomo cha manuali imekwisha hata kama inang'aa.

Kamba_ya_Klachi
Asante dada, nimejaribu rivasi kama alivosema mzee, haisagi, kwahiyo klachi iko sawa. Maunti nimezitikisa ziko imara. Sasa nikifungua nikakuta gia ya tatu imeliwa?

MzeeWaBeringi
Hapo ndo used ya Jioni inapata kazi. Beringi, sinkronaiza na sili za gari za zamani bado zinapatikana mpya, gia na shafti ndo shida, kwahiyo unanunua giaboksi ya modeli ileile ya kutolea gia na kwako unaweka beringi mpya. Meno makubwa yakiwa yamemeguka au shafti imechimbika, acha, tafuta nzima. Ndo maana nasema usinunue kitu chochote kabla hujaifungua.

Gia_Tano
Naongeza usalama maana watu wanaurukia. Usiilaze kifuani, tumia jeki ya giaboksi au muwe wawili, na isining'inie kwenye klachi plate, inaipinda. Na ikiwa chini badilisha rilizi beringi na ile beringi ndogo ya nyuma ya krenki, kagua na sili ya krenki.

Kamba_ya_Klachi
Nimeamua naishusha na kuifungua mwenyewe, shafti naipeleka presi. Oili niweke ya daraja la GL-5 maana nasikia ni kali zaidi?

DadaGereji
Hapana kaka, weka inayotajwa kwenye manuali yako, na kama inasema GL-4 baki hapo. GL-5 imetengenezewa difu, ina dawa nyingi za salfa na fosforasi, baadhi zinaila shaba, na utelezi wake unazifanya sinkronaiza zishindwe kushika gia ikapunguza mwendo. Ukishafunga, kabla ya kushusha gari zungusha kwa mkono upitie gia zote, alafu washa injini magurudumu ya nyuma yakiwa hewani. Tembea taratibu kilomita mia chache za mwanzo umwage hiyo oili, itakuwa imebeba unga wa sinkronaiza mpya zikijikalisha.