Hoteli ya ufukweni ambayo mzee anayesumbuliwa na magoti anaweza kuingia baharini kwa mchanga mtupu

Mkazi_wa_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Tunapanga kwenda baharini likizo ya Juni, siku 4, tukitokea hapa Dodoma. Tupo watu wazima wawili, bibi wa miaka 68 anayesumbuliwa na magoti, na watoto wa miaka 5 na 9. Anayejua kuogelea ni mimi peke yangu. Ninachotaka ni bibi atoke chumbani, akanyage mchanga, aingie majini taratibu hadi kiunoni bila kukutana na jiwe wala kushuka ngazi ndefu. Mtandaoni kila hoteli imeandika "ufukweni" na picha zote ni maji ya buluu. Nitajuaje ukweli kabla sijatuma pesa ya kushikia chumba? Bara au Zanzibar, popote panapofaa.

Upepo_wa_Kusi
Mkuu, jina la hoteli liache kwanza, anza na maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kesho saa zinasogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Zanzibar hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi.

Sasa chukua mteremko wa ufukwe. Kama chini panashuka mita 1 kwa kila mita 100, maji yakipungua mita 3 utatembea mita 300 kuyafuata. Ndiyo hali ya pwani ya mashariki: Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe. Kuna mwamba mbali, nyuma yake bwawa pana la kina kifupi, na kwenye bamvua bahari inaweza kwenda karibu kilomita nzima. Viwanja vya mpira kumi kama wa Jamhuri ukivipanga mstari mmoja! Katikati hapo kuna mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba, majani, mawe, na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Kwa bibi mwenye magoti siyo mahali pa kujaribia.

Kaskazini, Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, mteremko ni mkali zaidi. Maji hayarudi nyuma sana na unaingia baharini saa yoyote, chini mchanga. Juni upepo ni wa kusi, na upande ule umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo huwa shwari. Ila mteremko huohuo una gharama yake: mtoto wa miaka 5 akipiga hatua chache miguu haigusi tena chini. Huyo asiachwe mkono.

Angalizo: siyo Nungwi yote. Ukizunguka mnara wa taa kuelekea mashariki, maji yanapwa sana kama Matemwe. Hoteli ikikuambia "Nungwi" uliza ni upande gani wa mnara.

Dada_wa_Vyumba
Naongezea upande wa kuchunguza hoteli yenyewe, maana hata Kendwa unaweza kuangukia pabaya.

Fungua ramani ya setilaiti, vuta hadi uone paa la hoteli, kisha fuata mstari kutoka hapo kuingia baharini. Rangi nyeupe inayogeuka kijani mpaka buluu bila madoa ni mchanga. Madoa meusi au ya kahawia ni majani au mawe. Mstari wa povu mbali sana ujue ni mwamba, na kila kilicho ndani yake hukauka au kubaki magotini maji yakitoka. Kama programu inaonyesha picha za miaka ya nyuma, zipitie. Mojawapo itakuwa imepigwa maji yakiwa yamekupwa, na hiyo ndiyo utakayoiamini.

Halafu ngazi. Kaskazini hoteli nyingi zimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na ufukwe upo chini. Kwenye picha bwawa la kuogelea linaonekana limeungana na bahari, kumbe kati yake kuna ukuta wa jiwe na ngazi za saruji zenye utelezi. Na pengine maji yakijaa wakati wa bamvua yanafika hadi kwenye ngazi ya mwisho, mchanga wote unafunikwa.

Watumie mapokezi ujumbe huu WhatsApp, kama ulivyo: "Naomba video fupi, mtu atembee kutoka mlango wa chumba cha chini hadi maji yamfike kiunoni, maji yakiwa yamekupwa. Ngazi ni ngapi? Zina mahali pa kushika?" Hoteli yenye mchanga mzuri itatuma siku hiyohiyo. Wakikutumia picha za droni za machweo badala ya video, tafuta kwingine.

Kwenye maoni ya wageni usiangalie nyota. Tafuta maneno "viatu vya maji" na "maji kupwa". Wageni watatu wakisema chukua viatu, basi chini kuna mawe.

Kunduchi_Mtoni
Kwa upande wa bara nitasema kwa kifupi. Bagamoyo chini ni laini lakini maji yanaenda mbali, na Ruvu inayatia rangi ya udongo. Kigamboni kusini mchanga ni mzuri, ila pamekabili bahari wazi, na Juni mawimbi yanaweza kumwangusha mzee. Kunduchi bahari imekula ufukwe kwa miaka mingi, utakuta kuta na matuta ya mawe. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo maji ni safi, tatizo unashuka kwenye boti ukiwa ndani ya maji, na kwa magoti hayo hapana.

Mkazi_wa_Nkuhungu
Asanteni sana wakuu. Nimeelewa, tunaelekea Kendwa. Tulikuwa tumepanga tuwe huko mwezi ukiwa mpevu ili usiku upendeze. Kuna shida?

Upepo_wa_Kusi
Sogeza wiki moja mkuu. Mwezi mpevu ni bamvua, na pwani hii bamvua hukupwa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi ile ile ya saa 4, na mabadiliko ya siku nzima ni madogo. Tazama mwezi ukiwa hapo hapo Dodoma, ukiuona nusu siku ile ya kusafiri, umepatia.

Jambo la bibi: sehemu ya juu ya ufukwe huwa na mteremko mkali kuliko ya chini, hivyo maji yakiwa yamejaa kabisa hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Subiri saa moja na nusu hivi baada ya maji kujaa. Usizidi hapo sana, kwa sababu saa ya 3 na ya 4 ndipo maji hukimbia zaidi: kwenye bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza yanashuka kama sentimita 30, ya tatu 90. Mshike kiwiko, siyo kiganja, na wewe uwe upande wa kina. Weka kiti cha plastiki mahali maji yanapofika kwenye ugoko, apumzike hapo kabla ya kuendelea.

Viatu mnunulieni hata kama ni mchanga mtupu. Yeboyebo yenye mkanda wa kisigino inatosha, kandambili zitabaki kwenye mchanga. Mtu akichomwa na mwiba, toa unaoonekana kwa kibano, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, nusu saa au zaidi. Pima kwanza kwa mkono wako wewe, usimwunguze.

Dada_wa_Vyumba
Na usafiri: treni ya SGR Dodoma hadi Dar ni saa 3 na nusu hivi, boti ya kasi hadi Zanzibar kama saa 2, kisha mjini hadi Kendwa ni takribani kilomita 60. Pandeni treni ya asubuhi kabisa ili msikose boti ya mchana. Daladala ya 116 inafika Nungwi, lakini kwa bibi kodini gari. Na chumba kiwe cha chini, uandikiwe kwenye risiti, siyo kuahidiwa kwenye simu.