Mhudumu amefunua baga yangu na kuondoka na jibini nikiwa bado natafuna

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa ndani ya bajaji, mikono ikitetemeka na vidole vikinuka haradali. Nimetoka sasa hivi kwenye ule mgahawa wa baga ambao wakazi wote wa Ilazo na Kisasa mnaufahamu, kwa hiyo sina haja ya kuutaja. Hata mhudumu mwenyewe mnamjua: ni yule anayetembea kama anakwenda kuapishwa.

Menyu yao ni ndefu kuliko hotuba ya bajeti, kwani kuna baga ya ng'ombe, ya kuku, ya samaki, ya maharage kwa wasiokula nyama, yenye parachichi na yenye nyama mbili. Niliagiza ya ng'ombe yenye yai, nikasubiri muda ambao zabibu za hapa Dodoma zingetosha kupandwa, kuvunwa na kukamuliwa mvinyo. Ilipofika, niliing'ata mara mbili. Nilipokuwa naielekea mara ya tatu, yule mhudumu alirudi, akasema, "Samahani kaka, hiyo ina jibini, nawe hukulipia jibini." Kisha akafunua mkate wa juu kwa vidole viwili, akalibandua jibini lililokuwa limeanza kuyeyuka, likavutika kama mlenda, akaondoka nalo. Mkate hakuurudisha mahali pake. Aliuacha umelala chali juu ya chipsi.

Narudia: nilikuwa natafuna. Alama za meno yangu zilikuwa kwenye lile jibini. Muda mfupi baadaye mteja wa meza ya pili aliletewa baga ya jibini, na ingawa sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, nililitazama vizuri nikaona pembe moja imepungua.

Tofauti ya bei ni shilingi 1,500. Angeniomba niongeze, ningeongeza. Vidole viwili, ndugu zangu! Naomba kuwasilisha.

Mjomba wa Nkuhungu: Pole sana, mleta mada. Hata hivyo, babu yangu kule Mpwapwa alikesha akilinda ng'ombe dhidi ya fisi, nawe umeshindwa kulinda kipande kimoja cha jibini dhidi ya kijana mwenye aproni.

Bi Mchicha: Mimi nataka kujua jambo moja tu. Uling'ataje mara mbili bila kutambua ladha ya kitu ambacho hukukilipia? Ulinyamaza ukidhani ni bahati yako, mwanangu.

Mleta mada: Mama, nilidhani ni nyongeza. Ukinunua fungu la nyanya sokoni Majengo unaongezewa moja, na hakuna muuzaji anayekufuata hadi kwenye bajaji kuidai, sembuse kuichomoa mdomoni.

Mtumishi Mhamiaji: Jibini ni jambo dogo. Pale pale mimi niliongezewa asilimia 18 ya kodi juu ya bei ya menyu, na nilipoomba risiti ya EFD nikaambiwa mashine inachajiwa. Wiki mbili baadaye nilirudi, nikakuta bado inachajiwa. Tena subirini Bunge la Bajeti lianze mwezi Aprili, mtaona jinsi baga ile ile inavyopanda bei kana kwamba nayo imepata posho.

Vumbi la Nzuguni: Ninyi mlikaa ndani. Mimi niliwekwa nje chini ya mti mwezi Agosti, upepo ukavuma, na nikala nusu ya baga nikisifia pilipili manga kabla ya kugundua kuwa ni mchanga.

Mjomba wa Nkuhungu: Na ile tomato sosi yao je? Imeongezwa maji hadi ukiimimina inatangulia kufika mezani kabla ya chupa.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mada. Alitumia vidole viwili, na hakuvaa glavu.

Mtumishi Mhamiaji: Afadhali hakuvaa, maana glavu zenyewe ndizo wanazopokelea fedha na kugeuzia nyama.

Bi Mchicha: Ndiyo maana mimi na wanangu Jumamosi tunakwenda zetu mnadani Msalato. Unachagua nyama ukiiona, inachomwa ukiiona, unaletewa na ndizi na kachumbari. Mbuzi hana mkate wa kufunuliwa.

Vumbi la Nzuguni: Mama, Jumamosi hii mnakwenda? Mimi nitaleta pilipili ya nyumbani, maana nimeapa kutosifia tena ya mtu mwingine.

Bi Mchicha: Tunakwenda. Tunaondoka saa sita mchana kutoka Area D.

Mleta mada: Mama, kwenye gari bado kuna nafasi ya mtu mmoja?