Mjadala: Mwajiri awavishe wafanyakazi saa za kupima mwili?

Hoja iliyoletwa: mwajiri wa Nairobi mwenye ofisi Upper Hill na ghala Industrial Area ampe kila mfanyakazi saa janja, amlipe mshauri wa afya awe akiwapigia simu, na atume zawadi ya M-Pesa kwa kila anayefikisha hatua 10,000 kwa siku.

Afisa wa Rasilimali Watu
Naunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Bima ya kampuni huanza kulipa mtu akishaugua. Karani anayeshinda mezani, kisha akwame Thika Road ndani ya matatu, anahitaji kitu cha kumwinua kitini mapema. Na kujiunga ni kwa hiari.

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo
Tuanze na kipimo chenyewe. Kifaa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi unavyorudi damu inapopita, ili kupata mapigo ya moyo. Ukanda ukilegea au mkono ukitikisika, usomaji unaharibika. Ndiyo maana huvaliwa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ukanda ukibana bila kuumiza. Watafiti wa Stanford walipima vifaa saba kwa watu 60 mwaka 2017. Sita vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Kosa liliongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, na hapa Nairobi hao ndio karibu wote watakaovaa.

Hizo hatua 10,000 nazo zilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake wazee, ukatolewa 2019, ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi walikufa wachache kuliko wa hatua 2,700, na faida ikakoma kuongezeka karibu na 7,500. Kumnyima mtu zawadi kwa sababu ameishia 8,000 hakuna msingi wa kitabibu.

Mwakilishi wa Wafanyakazi, Industrial Area
Ongeza hili, Daktari: anayesukuma toroli ghalani ameshika mpini, mkono haupungi, na kifaa cha mkononi, kinachohesabu hatua kwa mkono unavyopunga, hakimhesabii hatua zote. Dereva wa lori hapati kitu. Mpakiaji anayetoka mtaa wa Mukuru kwa miguu kila alfajiri anakaribia lengo kabla hajapiga sahihi getini, lakini mwili wake unataka mapumziko, maji na kikomo cha uzito wa mzigo. Zawadi hii imepimwa kwa mtu wa ofisini.

Na hiyo hiari ni ya nani? Mwenye mkataba wa miezi mitatu akikataa, msimamizi ataona mkono mtupu.

Wakili wa Ulinzi wa Data
Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Kifungu cha 32 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na mfanyakazi anaweza kuiondoa wakati wowote. Kifungu cha 31 kinadai tathmini ya athari kwa haki za wahusika pale hatari ni kubwa, na ripoti iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza. Watu huagiza saa kwanza, halafu wanamtafuta wakili. Seva zinazohifadhi taarifa zikiwa nje ya nchi, ridhaa ya mhusika inahitajika pamoja na uthibitisho kwamba taarifa zitalindwa huko. Taarifa zikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Afisa wa Rasilimali Watu
Basi tupewe wastani wa idara tu, bila majina.

Mchambuzi wa Data
Idara ya watu sita haina siri, ndugu Afisa. Mapigo ya moyo ya mtu aliyepumzika hupanda wakati wa ujauzito. Wastani ukisogea na wote wanajua nani alibadilika, mmeshamtaja. Kundi lenye watu chini ya 20 lisitolewe ripoti, na ripoti iwe ya robo mwaka. Mfanyakazi afungue akaunti kwa baruapepe yake mwenyewe. Ikifunguliwa kwa ya kampuni, akiacha kazi historia ya usingizi wake inabaki nyuma.

Muuguzi wa Afya Kazini
Mimi napinga ununuzi wenyewe. Singapore walijaribu vifaa hivi na zawadi za fedha kwa wafanyakazi 800 wa mashirika 13, matokeo yakatolewa 2016. Fedha ziliongeza hatua, lakini malipo yalipokoma baada ya miezi sita, hatua zikarudi chini. Mwaka ulipotimia, takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa bado anavaa kifaa, na uzito na presha havikuwa vimeimarika. Mwaka huohuo, utafiti wa Pittsburgh uliofuata vijana 471 kwa miezi 24 ulikuta waliopewa kifaa walipungua kilo 3.5, na wasiopewa kilo 5.9.

Fedha hizo zinunue mashine za presha za kufunga juu ya kiwiko, zenye mikanda ya saizi mbili au tatu, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Mtu akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili, dakika moja katikati.

Afisa wa Rasilimali Watu
Zawadi naiondoa. Mshauri wa simu sikubali kumwondoa, kwa kuwa bila wa kufuatilia, namba ya presha inaishia kwenye karatasi. Mshauri akipata namba mbaya, amwambie nani?

Wakili wa Ulinzi wa Data
Si wewe. Kifungu cha 46 kinaruhusu taarifa za afya zishughulikiwe chini ya mtoa huduma za afya, au mtu anayebanwa kisheria kutunza siri. Mshauri asiye na usajili wa taaluma lazima awe chini ya Sista, muuguzi wetu.

Muuguzi wa Afya Kazini
Naye anipigie siku hiyohiyo. Presha ikifika 140 kwa 90, mhusika arudiwe kupimwa siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi au haoni vizuri, apelekwe hospitali mara moja, na ofisi iambiwe tu kwamba hayupo kazini.