Usafi wa mikono wodi ya wazazi: nyenzo zipi za bure mtandaoni zinatosha kuanzia?

Muuguzi_Leba
Wakuu, salaam. Timu yetu ya kuboresha huduma, hospitali ya wilaya, imekabidhiwa wodi ya wazazi ianze na usafi wa mikono. Mtandaoni kumejaa miongozo, kozi na mabango, bando linakata kabla hujajua kipi kina maana. Naomba msaada: nyaraka gani za bure zinatosha kuanzia? Kitakasa mikono famasi yetu inaweza kutengeneza? Na tutajuaje kama tumepiga hatua kweli? Kompyuta ni moja na mtandao ni wa kubahatisha.

Mratibu_Maambukizi
Kozi ziweke kando kwanza. Ingia IRIS, hifadhi ya nyaraka za WHO (Shirika la Afya Duniani), ushushe PDF nne tu siku mtandao ukiwa mzuri: mwongozo wa utekelezaji wa usafi wa mikono, fomu ya kituo kujitathmini, fomu ya uangalizi na mwongozo wa kutengeneza kitakasa. Zihifadhi kwenye flashi na uchapishe fomu mbili za katikati. Mengine yatasubiri.

Fomu ya kujitathmini ina sehemu tano, kila moja alama 100: miundombinu na vifaa, mafunzo, ufuatiliaji na mrejesho, vikumbusho sehemu ya kazi, na utamaduni wa usalama wa kituo. Jumla ikiwa 0 hadi 125 hali ni duni, 126 hadi 250 ni ya msingi, 251 hadi 375 ni ya kati, kuanzia 376 ni ya juu. Msiijaze ofisini. Tembea nayo wodini ukiwa na Muuguzi Mfawidhi na mtu wa famasi, mfungue kila bomba. Alama za juu za kubuni zitawaumiza baadaye, kwa sababu mwakani hakutakuwa na pa kupandia.

Uangalizi: kaa dakika 20 hivi, usifuatilie watoa huduma zaidi ya watatu kwa pamoja, hesabu fursa, yaani kila mara mikono ilipopaswa kutakaswa, kwa nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi (kama kuchoma sindano), baada ya hatari ya majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mara walizotakasa gawanya kwa fursa, zidisha kwa 100. WHO inapendekeza fursa 200 kwa kila kitengo kwa kila kipindi cha tathmini. Wengi hukosea kwenye glovu: mkunga aliyevaa glovu bila kutakasa mikono amekosa fursa, hata kama glovu ni mpya. Usijumlishe nyakati zote na kuishia hapo. Mara nyingi nyakati za "kabla" ndizo zinazoanguka, na leba ndiko zinakohitajika zaidi.

Mfamasia_wa_Zamu
Famasi inaweza, mradi kuna chumba chenye hewa ya kutosha na hakuna moto karibu. Kwa lita 10, fomula ya kwanza ya WHO:

Ethanoli 96%: ml 8333
Haidrojeni peroksaidi 3%: ml 417
Gliserini 98%: ml 145
Maji yaliyotoneshwa, au yaliyochemshwa yakapoa: jazia hadi alama ya lita 10

Anza na ethanoli (ndiyo spiriti), kisha peroksaidi, kisha gliserini. Gliserini ni nzito na hung'ang'ania silinda ya kupimia, kwa hiyo suuza silinda kwa sehemu ya yale maji na umimine ndani. Jazia, funika mara moja spiriti isipeperuke, changanya kwa kutikisa taratibu au kwa mwiko wa plastiki. Gawa kwenye chupa, andika tarehe na namba ya bechi, weka kando saa 72. Hizo saa 72 ndizo wengi wanazoruka. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono, ipo kuua mbegu za bakteria zilizoingia na spiriti au chupa, na inahitaji muda huo.

Soma lebo kabla ya kupima. Peroksaidi ikiwa 6%, chukua nusu, yaani ml 208 hivi. Ethanoli ikiwa 90%, chukua ml 8889. Lengo ni mchanganyiko wenye ethanoli 80%, na kipimo cha alkoholi kikisoma kati ya 75 na 85 bechi inapita, ila soma kwenye joto lililoandikwa kwenye kipimo chenyewe. Spiriti ya kuchomea msiiguse, inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Manukato nayo msiongeze, ya nini?

Takwimu_Bila_Presha
Kwa fursa 200 naongezea jambo: zinafaa mwanzo na kwenye tathmini kubwa, lakini ukisubiri mpaka zifike 200 hutaona mabadiliko kwa wakati. Chukua fursa 20 hadi 30 kila wiki, saa tofauti, zamu ya usiku ikiwemo. Chora grafu ya mstari, wiki chini, asilimia pembeni, na mstari wa mediani (thamani ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) katikati. Pointi sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mediani ni badiliko. Tano au zaidi mfululizo zikipanda au kushuka ni mwelekeo. Wiki moja ya 80% haisemi kitu, hasa kama fursa zilikuwa tano na watu walijua wanaangaliwa.

Fomu za grafu na za mzunguko wa panga, tenda, chunguza, rekebisha zipo bure kwenye tovuti ya IHI, taasisi ya Marekani ya kuboresha huduma za afya, lakini utafungua akaunti kwanza. PSNet, tovuti ya usalama wa wagonjwa ya AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani, ni nzuri kwa kusoma visa vya makosa ya matibabu, ila vingi vinadhani kila kitanda kina mashine ya kufuatilia mgonjwa. Soma kwa chujio.

Muuguzi_Leba
Asanteni sana wakuu. Mabango tukitaka kuyaweka kwa Kiswahili, inaruhusiwa? Na ile orodha ya WHO ya kuhakiki uzazi salama tuiunganishe humo humo?

Mratibu_Maambukizi
Angalia ukurasa wa hakimiliki. Nyaraka nyingi mpya za WHO zina leseni ya CC BY-NC-SA 3.0 IGO: unaweza kutafsiri bila kuuza, ukitaja chanzo na kuandika kwamba tafsiri si ya WHO, wala usiweke nembo yao. Za zamani zisizo na leseni hiyo zinahitaji kuombewa kibali.

Orodha ya uzazi salama ina vipengele 29 na nyakati nne za kusimama na kuhakiki: mama anapopokelewa, kabla tu ya kusukuma au ya upasuaji, ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na kabla ya kuruhusiwa. Usafi wa mikono umo ndani yake. Ila isubiri. Utafiti mkubwa wa Uttar Pradesh, India, uliochapishwa 2017, ulionyesha kuwa orodha pamoja na usimamizi wa karibu iliboresha utendaji wa wakunga, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua kwa kiwango chenye maana kitakwimu. Mkiileta wakati maji yanakatika, watu watatiki tu. Hakikisheni kwanza chupa ya kitakasa ipo kila kitanda cha leba na kuna mtu mmoja, kwa jina, wa kuijaza kila zamu.