Tromboni ya mitumba mnadani: kuweka kikomo mapema, kuvizia dakika ya mwisho, au kununua kwa bei iliyotajwa?

Tarumbeta_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani. Kikundi chetu kinapiga matarumbeta kwenye harusi na mahafali. Tromboni yetu slaidi (mrija wa kuvuta) imekufa, fundi ameshainyoosha mara mbili na safari hii ameikataa. Natafuta ya mitumba, Yamaha YSL-354 au ya daraja hilo. Tumechanga dola 450, na humo humo itoke nauli ya mzigo na kodi.

Kinachonifanya niulize kwanza ni tarumbeta niliyonunua mwaka jana kwenye mnada mmoja wa mtandaoni. Bei ilikuwa dola 120, mimi nikaweka kikomo changu cha 300 siku tano kabla ya mnada kufungwa, nikajua mfumo utanipigania wenyewe. Akaja mtu mmoja. Akaweka 200, mfumo ukanipandisha. Akaweka 240, ukanipandisha. Akafika 290, akanyamaza. Nikashinda kwa 295 na nikafurahi kweli. Baadaye nilifungua historia ya madau nikakuta yule mtu karibu madau yake yote ya mwezi ule ameyaweka kwa muuzaji huyo huyo, na hakuna hata kifaa kimoja alichoshinda. Kumbe nilikuwa nashindana na mwenye mali.

Hela ile ilikuwa ya watu tisa. Sitaki irudi tena. Naomba waliokwisha kununua wanilinganishie: eBay, minada ya Japani kwa wakala, Reverb (soko la mtandaoni la vyombo vya muziki), au minada ya magrupu yetu ya WhatsApp?

Mzee_wa_Besi

Pole sana mgosi. Ulichofanyiwa ni kama wale wapiga debe wanaokaa kwenye viti vya basi stendi ili uone limejaa linaondoka. Ukishalipa nauli, wanashuka.

Hebu tuelewe kwanza mahali ulipoumizwa. Kuweka kikomo chako cha kweli si kosa. William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba kwenye mnada ambao mshindi analipa bei ya aliyemfuata, bora useme thamani yako halisi, maana hutalipa zaidi ya alichotaka kulipa wa pili. eBay inafanya kazi karibu hivyo: unalipa dau la wa pili na nyongeza ndogo juu yake. Lakini hesabu hiyo inamtaka wa pili awe mnunuzi kweli. Akiwa ni muuzaji kwa akaunti nyingine, basi siku tano zile ulimpa muda wa kupapasa mfukoni mwako noti moja moja mpaka akagusa mwisho.

Ndiyo sababu mimi huweka dau moja tu, sekunde nane au kumi kabla ya kufungwa. Naweka kikomo changu kamili, sirudii. Mwaka 2002 wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha eBay, inayofungwa saa iliyopangwa, na minada ya Amazon ya wakati huo, iliyokuwa ikisogezwa mbele mpaka zipite dakika 10 bila dau jipya. Kwenye eBay wenye uzoefu walichelewa kuweka dau. Kwenye Amazon ikawa kinyume.

Ugumu wake ni saa. Wamarekani wengi hufunga minada Jumapili jioni. Saa kumi na mbili jioni ya California wakati wa kiangazi chao ni Jumatatu saa kumi alfajiri kwetu. Na umeme ukikatika, au intaneti ikasuasua, dau halifiki. Kuna programu za kukuwekea dau kutoka kwenye seva yao wewe ukiwa umelala, ila unawakabidhi akaunti yako, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo.

Pwani_Bagamoyo

Mzee, shikamoo. Nakubaliana na wewe kwa eBay tu. Mimi hununua Japani, na kule kuvizia hakuna maana.

Kwenye mnada wa Yahoo! wa Japani muuzaji anaweza kuwasha nyongeza ya muda: dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, mnada unaongezwa dakika 5 nyingine, na tena, na tena. Nimewahi kuona mnada wa saksafoni ukisogea hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Ukirusha dau sekunde ya kumi, mwenzako anapata muda wa kunywa chai na kukujibu. Hapo dawa ni kikomo ulichokiandika kwenye karatasi asubuhi, kabla damu haijachemka. Uzuri wake, minada mingi hufungwa usiku wa kule. Saa nne usiku Japani ni saa kumi jioni hapa Bagamoyo, uko macho na akili zako.

Vyombo vya Japani hutunzwa vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Lakini soma maelezo yote. Ukiona neno ジャンク, yaani janku, maana yake wanakiuza kama kibovu na hukirudishi. Halafu piga hesabu ya safu zote: ada ya wakala, usafiri wa ndani ya Japani, usafiri wa kuja Dar es Salaam, kisha forodha. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa baada ya kujumlisha bei, bima na nauli, pamoja na ushuru ukiwapo. Tromboni ina kasha refu, nauli yake inauma kuliko ya tarumbeta.

Kuhusu bandia, yaani mtu wa muuzaji anayejifanya mnunuzi, mimi nimekulia soko la samaki. Mnadani pale pwani, kama anayepandisha bei ya changu ni shemeji wa mwenye mtumbwi, tunamjua kwa sura, tunakaa kimya, samaki anambakia. Mtandaoni unaona jina lililofichwa tu, kama a***k. Kwa hiyo badala ya sura tazama mwenendo: asilimia ya madau kwa muuzaji mmoja, madau aliyoyafuta, na kama anaweka mapema kisha anatoweka siku ya mwisho.

Tarumbeta_Ngamiani

Ahsante kaka. Swali: nikivizia eBay, nimeshakingika na bandia kabisa?

Mzee_wa_Besi

Hapana. Unakingika na anayepapasa kikomo chako, kwa sababu hajakiona. Hukingiki na aliyekwisha kupandisha bei kabla hujafika. Chombo cha dola 150 utakikuta kimesimama 260 na hakuna mnunuzi wa kweli hata mmoja. Hapo unaacha.

Na dalili nyingine: umeshindwa kwa dola tano, kesho yake muuzaji anakuandikia kwamba mshindi amejitoa, chukua wewe kwa dau lako la juu. Wakati mwingine ni kweli mshindi kakimbia. Lakini bandia akivuka kikomo chako kwa bahati mbaya, njia yake ya kurudi ni hiyo hiyo. Mimi hukataa, au humwambia nitalipa bei iliyokuwepo kabla ya yule aliyejitoa kuingia.

Dada_Klarineti

Kaka yangu, kwa nini ujitese na minada? Reverb haina mnada. Bei imeandikwa, unatuma ofa, muuzaji anakubali, anakataa au anataja yake. Hakuna wa tatu wa kukusukuma. Bei ya kuanzia huwa juu, nakubali, lakini nilitumia siku nne kuzungumza na muuzaji mmoja, akanitumia video akipuliza kila noti, na akapunguza. Mnadani ungepata wapi utulivu huo? Klarineti yangu ya Buffet ni ya mpingo, mti wetu wenyewe, umekwenda Ufaransa na kurudi Tanga. (Kama kuna anayeogopa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, vyombo vya muziki vilivyokamilika vya jamii hiyo ya miti viliondolewa sharti hilo Novemba 2019.)

Kwa fedha za kuchangiwa na watu tisa, mimi ningekwenda huko.

Sheria_Chumbageni

Naongeza kuhusu magrupu ya WhatsApp, maana hamjayagusa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imefuata ile ya Uingereza ya 1893: muuzaji ambaye hakutangaza kwamba atashiriki mnada haruhusiwi kuweka dau wala kumtuma mtu, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Uingereza kwenyewe, mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimwadhibu mtu aliyekuwa akipandisha bei za bidhaa zake eBay kwa akaunti ya pili.

Faida ya grupu la hapa ni kwamba unaweza kwenda kukishika chombo. Piga picha za skrini mnada unapoendelea, kabla ujumbe haujafutwa.

Mzee_wa_Besi

Jambo moja nimelisahau, na ni kubwa. Ukikuta tromboni ya Kiingereza ya zamani kwa bei ya kutupa, angalia kama imegongwa HP au "High Pitch". Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya sasa hadi miaka ya 1960. Ukiiweka pamoja na tarumbeta yako ya Yamaha, hazitakutana hata uvute slaidi ya kusawazisha mpaka mwisho. Watu huzigombania bila kujua.

Tarumbeta_Ngamiani

Nimekaa na wenzangu leo baada ya mazoezi. Tumetoa nauli na kodi kwenye ile 450, chombo chenyewe kimebakiwa na 260, na tumeiandika ukutani. Kuna YSL-354 Reverb kwa 310. Nimetuma ofa ya 240 na kuomba video ya slaidi ikishuka yenyewe bila kusukumwa. Akikataa, kuna nyingine eBay inafungwa Jumatatu alfajiri. Nimeshaijaza simu chaji.

Dada_Klarineti

Muombe pia picha ya mirija ya ndani ya slaidi, sehemu ya chini iliyonenepa kidogo, iitwayo soksi. Huko ndiko inakolika.