Mnatuuzia pikapu ya HP 250, halafu breki mnamwachia Mungu? Yaliyonikuta mteremko wa Iwambi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "pole mkuu, shukuru uko hai" naomba mnipishe kwanza nimalize.

Nina pikapu dabo kabini, dizeli lita 3.0, otomatiki. Sitaji ni ya kampuni gani kwa sababu sina ugomvi na walioitengeneza. Ugomvi wangu ni na yadi moja ya Dar iliyoniuzia, pamoja na gereji moja ya hapa Mbeya iliyonifanyia sevisi na kunirudishia funguo huku wakitabasamu. Tangazo la yadi lilikuwa na mbwembwe zote: imeinuliwa, tairi inchi 35, bampa ya chuma mbele na nyuma, chipu imeshapigwa (yaani kompyuta ya injini imechezewa ipate nguvu zaidi), "HP 250, mlima haiusikii", HP ikiwa ni nguvu za farasi. Na kweli haiusikii. Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa, nimeipanda na mzigo, malori yananguruma kwa gia ya kwanza, mimi nikipata upenyo naondoka kama sijabeba kitu. Hapo sina neno. Shida ni kwamba huku Nyanda za Juu ukipanda lazima ushuke, na chipu haijui kushuka.

Siku hiyo nilikuwa natoka mjini kwenda Vwawa. Nyuma nina mifuko kumi na sita ya mbolea, yaani kilo 800, mzigo ambao kitabu cha gari kinauruhusu bila wasiwasi. Pembeni nimekaa na dogo wa shambani. Mnaoijua Iwambi hamna haja ya maelezo. Kwa wageni: ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, barabara inaporomoka kuelekea Mbalizi, semi za Zambia ziko mbele yako na nyuma yako, bajaji zinachomekea, na kule chini kuna makazi ya watu na biashara zao. Wenyeji wa pale hata wakiwa wananunua nyanya jicho moja liko juu barabarani. Hawafanyi hivyo kwa uoga, wameshaona mengi.

Na kabla hamjaanza ya "ungeshuka na gia": nilikuwa gia ya tatu kwa mkono, siyo D. Dashibodi inasoma 50. Breki ya kwanza ikashika vizuri. Ya pili ikashika kwa kuchelewa. Ya tatu pedali ikazama karibu na kapeti, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mbele yangu semi imewasha hazadi, inatambaa. Nikapiga gia ya pili, injini ikalia, nikavuta hendibreki taratibu, nikaikata kushoto kwenye kifusi cha udongo wa ujenzi. Ikasimama imelalia bampa, lile bampa la mbwembwe. Dogo alikuwa ameshafungua mlango anataka kuruka.

Magurudumu ya mbele yanafuka moshi yote mawili. Nikachukua dumu la maji. Kijana mmoja wa bajaji akasimama: "Shikamoo mzee, usimwagie maji, disiki zitapasuka. Ziache zipoe zenyewe." Kijana wa bajaji, wakuu! Anajua breki kuliko yadi nzima yenye viyoyozi.

Nikawapigia yadi palepale. Jibu: "Bosi wangu, hizo gari ni nzito, ndivyo zilivyo. Utaizoea tu." Niizoee! Yaani niwe nazoea kutosimama.

Nikaikokotesha mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima huku Soweto. Hakusema kitu, akafungua magurudumu, akaniita: "Mwanangu, njoo uone mwenyewe, usije ukasema nakuongopea." Nikaona.

Breki pedi za mbele zimeng'aa, uso umeungua na kuwa mgumu, moja imeshaanza kubanduka kwenye bati lake. Disiki zimekuwa na madoa ya bluu, ambayo ni alama ya chuma kilichopikwa. Fundi akaigeuza pedi akanionyesha ubavu wake. Pedi ya maana huwa imeandikwa herufi mbili, mfano FF au GG: ya kwanza ni uwezo wa kushika ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto, na G inashika kuliko F, F kuliko E. Za kwangu hazina herufi, zimepakwa rangi tu. Hizi ndizo gereji ile iliniandikia kwenye risiti "pedi OG", yaani orijino.

Akaja kwenye mafuta ya breki. Kifuniko cha kopo kimeandikwa DOT 4, yaani daraja la mafuta yanayotakiwa, kinasomeka bila miwani. Akafungua nipo, ile skrubu ya kutolea mafuta kwenye breki, yakatoka meusi tii. Gereji walikiri kwa simu kwamba waliongezea DOT 3 "kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani". Wakuu, DOT 3 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, DOT 4 ni 230. Lakini mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na yakishalowa DOT 3 inashuka mpaka 140, DOT 4 mpaka 155. Yakichemka ndani ya paipu yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika. Ndiyo maana pedali inazama wakati hakuna kinachovuja popote. Ikipoa inarudi kawaida, unaambiwa "mbona inashika mkuu?"

Na bado. Kubwa kuliko yote lilikuwa nyuma, na hili ndilo limenifanya nije hapa. Gari yangu nyuma ni dramu, na ina ile valvu ya kupima mzigo: kuna kijiti kinatoka kwenye chesisi kwenda kwenye eksel. Ukipakia, bodi inashuka, kijiti kinasogea, valvu inafungua mafuta zaidi yaende breki za nyuma. Ikiwa tupu, inabana ili tairi za nyuma zisijifunge. Sasa hawa mabingwa waliinua gari, kijiti hawakukigusa. Kwa hiyo hata nikiweka kilo 800, valvu bado inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinapata mafuta ya kuombea, mbele ndiyo inabeba kazi yote. Fundi alifungua dramu, breki shuu za nyuma ziko karibu mpya. Hazijachakaa kwa sababu hazijawahi kufanya kazi! Na kwenye tangazo waliandika "shuu mpya nyuma" kama sifa.

Ongeza na zile tairi. Gari ilitoka kiwandani na tairi za kama inchi 31. Ukivisha 35, mguu wa tairi, yaani kutoka katikati mpaka chini, unakuwa mrefu kwa karibu asilimia 13, na breki inabidi ikaze kwa kiasi hichohicho zaidi ili upate kusimama kulekule. Dashibodi nayo inadanganya: ikisoma 80 wewe unakaribia 90. Kumbe ile 50 yangu haikuwa 50.

Wapo watakaosema dizeli ina nguvu ya kuzuia yenyewe ukishusha gia. Inayo, ila kidogo. Kwenye petroli ukiachia mafuta mlango wa hewa unafunga na injini inavuta kwa shida, ndiyo inakuzuia. Dizeli inavuta hewa kwa raha zake. Malori yanafungiwa breki ya ekzosi, inayoziba njia ya moshi ili injini izuie gari, kwa sababu hiyo. Chipu inakuongezea msukumo ukikanyaga mafuta. Ukiachia haikuongezei hata chembe.

Sasa pigeni hesabu ndogo. Pikapu na mzigo wake, tani tatu, ikishuka mita 300 kwa wima, inabidi iondoe joto la kutosha kuchemsha ndoo ya lita ishirini ya maji ya baridi na chenji ikabaki. Hapo spidi haijaongezeka hata kidogo, ni kushuka tu. Joto hilo upepo na injini vinachukua sehemu, linalobaki lote linaishia kwenye disiki mbili za mbele na pedi zisizo na herufi. Na ukitaka kujua kwa nini HP zinahusu breki: kutoka 80 kwenda 120 nishati ya kuiua haiongezeki nusu, inakuwa mara mbili na robo. Umempa mtu uwezo wa kufika 120 katikati ya Igawa na Makambako bila kujijua, halafu breki ni zilezile za gari ya kubebea majani.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Toyota walipotoa Hilux GR Sport ya Australia mwaka 2023, waliipandisha kutoka kW 150 mpaka 165, na nyuma wakatoa dramu wakaweka disiki. Ford Ranger Raptor ya kwanza ilikuja na disiki nyuma wakati Ranger za kawaida zikiwa na dramu. Ram 1500 TRX ya Marekani ya mwaka 2021 ilikuja na HP 702, na disiki zake za mbele zilikuwa na kipenyo cha inchi 15. Kiwandani wakiongeza nguvu, mezani yuko na mtu wa breki. Yadi wao wanaongeza kwa laptop nusu saa, wanapiga picha, wanaweka tangazo.

Tena gari waliijaribu wapi? Dar, usawa wa bahari, tambarare. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu, hewa imepungua kwa takriban moja ya tano, na buusta ya vakyumu, ile inayousaidia mguu kukanyaga breki, inasukumwa na hiyohiyo hewa. Mguu unaokanyaga breki Mikocheni huku inabidi uongeze nguvu. Mtu wa Dar hawezi kulijua hilo akiwa ofisini, lakini gereji ya Mbeya wanakula wapi mpaka wasijue?

Madai yangu ni haya. Yadi walipe pedi, disiki, kusafisha mfumo wote wa mafuta na kazi ya kukifungia kijiti bano jipya lililo refu. Gereji warudishe hela ya "pedi OG" na ya sevisi. Mpaka sasa yadi wamenijibu kwa meseji kwamba breki ni kitu cha kuisha, haina waranti. Pedi inaisha, sawa. Kijiti cha valvu nacho kinaisha? Gereji wao wameamua kutopokea simu.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza kama nitairudisha chini na kuvua tairi 35. Tairi zinatoka wiki hii, nani anazitaka aje PM, ziko vizuri. Chipu pia inatoka. Na wewe unayesema "wanaume wanashuka Iwambi na Fuso": Fuso ina breki ya ekzosi, rudi juu usome.

Kwa walioko Dar: kwenye yadi ileile kuna nyingine ya rangi nyeupe, wanaitangaza kwa maneno yaleyale, imeinuliwa na tairi kubwa. Anayeitaka aingie chini ya gari kabla ya kutoa hata shilingi, aangalie juu ya eksel ya nyuma, upande wa chesisi. Kijiti kikiwa kimevutwa chini mpaka mwisho wakati gari imeinuliwa, usiwaulize HP. Waulize nani ataishusha Kitonga.