Laptop, projekta na risiva ya sauti: waya upi uende wapi?

Soweto_Mbeya
Habari zenu wakuu. Nina laptop ya Windows, projekta ya 1080p na risiva ya 5.1 (spika tano na moja ya besi) yenye HDMI (tundu la waya unaobeba picha na sauti pamoja). Nimechomeka laptop moja kwa moja kwenye projekta. Picha safi, lakini sauti inatoka kwenye kispika cha projekta. Toka risiva hadi projekta iliyo darini ni mita 12. Pia projekta ikifanya kazi saa moja hivi inajizima, taa ya joto inawaka. Nianzie wapi?

Kihesa_Sauti
Mkuu, risiva ikae katikati. Waya wa laptop uingie HDMI IN ya risiva, mwingine utoke HDMI OUT kwenda projekta. Washa projekta kwanza, kisha risiva, laptop mwisho, kwa sababu laptop huuliza vifaa vilivyo mbele yake vinaweza kuonyesha nini. Ikikuta projekta imezimwa, picha inaweza kugoma au kuja na ukubwa usio wake.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kuonyesha kwenye projekta peke yake. Ukiacha skrini zote mbili zifanane, mara nyingi projekta inalazimika kufuata ubora mdogo wa skrini ya laptop. Na ukichagua skrini ya laptop tu, sauti ya HDMI nayo inapotea, maana inasafiri pamoja na picha.

Kwenye mipangilio ya sauti chagua risiva, halafu uiweke 5.1. Mara nyingi Windows huanza na stereo (spika mbili tu), ndiyo maana watu wanadhani spika za nyuma zimekufa.

Makambako_Umeme
Kwa mita 12 usihangaike na waya wa shaba wa kawaida. Picha inaweza kumwaga vidoa au kukatika-katika. Nunua HDMI ya fiba (inayopitisha picha kwa mwanga). Ina upande: kichwa cha Source kwenye risiva, cha Display kwenye projekta. Ukigeuza, hupati picha kabisa. Ijaribu chini kabla ya kuipitisha darini, usiikunje kona kali, na tumia bomba la milimita 32, kwani kichwa cha HDMI hakipiti kwenye la 20.

Kuhusu joto, hapo Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, feni ikizunguka kwa kasi ya kawaida haiondoi joto la kutosha. Projekta nyingi zina mpangilio wa High Altitude, na maelekezo yake mara nyingi yanataka uwashwe kuanzia mita 1,500. Uwashe. Feni itapiga kelele zaidi, vumilia, taa ya projekta itadumu. Safisha pia chujio la vumbi.

Soweto_Mbeya
Asanteni sana. Sauti sasa iko risiva, High Altitude nimewasha. Ila midomo inachelewa kidogo, sauti inatangulia.

Kihesa_Sauti
Projekta inachukua muda kuchakata picha. Kwenye risiva tafuta Audio Delay au Lip Sync, ongeza milisekunde 10 kila mara hadi vilingane. Kama projekta ina hali ya Game (inayopunguza muda huo wa kuchakata), jaribu hiyo kwanza.